Tao la Tatu na Mbao Themanini

Mmeniambia niandike, nyinyi vijana wa karakana, kwa sababu mnadai kwamba nikisimulia kwa mdomo boriti zinaongezeka urefu kila mara. Sawa. Kwenye karatasi nitajitahidi zibaki zilivyokuwa. Mimi ni Kashindi, fundi mbao, mzaliwa wa Uvira, mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na tangu mwezi uliopita ni mstaafu. Hakuna aliyenistaafisha. Nilichora mstari wa penseli kwenye mbao, nikageuka kuchukua msumeno, nikarudi nisiuone mstari. Nikavua aproni, nikaenda nyumbani kunywa chai.

Mshahara sitauzungumzia, maana hautoshi hata kujaza aya moja. Kupandishwa cheo nilipandishwa mara moja tu, kutoka kubeba mbao hadi kuwaambia wengine wabebe. Nitawaandikia habari za boriti za kupinda, zile tunazounda kwa kubandika matabaka ya mbao kwa gundi, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua vizuri kuliko zote, na ndiyo kazi niliyoiharibu vibaya kuliko zote. Hilo la pili mnalijua nusu, na mnalisimulia vibaya.

Uvira nilikuwa nikitengeneza vitanda na majeneza, vitu viwili ambavyo mteja akishalala hasumbui. Nilipofika Malawi nikadhani ufundi wangu umekamilika. Tuliandikishwa kambini Dzaleka, kisha tukapanga chumba Nsungwi, kule Area 25 mjini Lilongwe, mimi na mke wangu Esperansi, na asubuhi moja nikatembea hadi Kanengo kuulizia kazi kwenye karakana moja nyuma ya maghala ya tumbaku. Nilikuwa nimevaa koti la harusi. Ndani ya saa moja lilikuwa limejaa maranda hadi mfuko wa ndani, na hadi leo Esperansi angekuwa hai angewaonyesha doa la gundi kwenye mkono wa kushoto.

Mnyapara wa pale aliitwa bambo Gondwe, yaani bwana Gondwe kwa lugha ya huku, mtu wa kaskazini, mfupi, aliyewahi kufanya kazi Mbeya miaka mingi na kurudi na Kiswahili chake kizima. Nilimweleza ujuzi wangu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa nyundo ndogo ya ukubwa wa kijiko.

"Gonga," akasema.

"Nigonge nini, bambo?"

"Boriti ile. Kutoka mguu huu hadi mguu ule. Ukimaliza, rudia."

Niligonga siku tatu. Siku ya nne akaniuliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia nyundo. Akanirudisha kugonga. Siku ya sita nikamwambia kuna mahali, karibu na kilele, sauti inakuwa butu, kana kwamba mtu kafunga mlango kwa ndani. Hakunisifu. Alileta msumeno, akakata pale pale, akanionyesha: matabaka mawili yalikuwa yamelala pamoja bila kushikana, gundi ilikauka kabla ya kubanwa. Kuanzia siku hiyo nikaruhusiwa kushika mbao.

Sasa kaeni chini niwaeleze jambo ambalo nililipata kwa bambo Gondwe bure na ambalo wengine wamelilipia ada chuoni. Alichukua daftari la mahudhurio, akalipinda. Kurasa zikateleza, kila moja na safari yake. "Hii ndiyo mbao bila gundi," akasema. "Kurasa mia, nguvu hakuna." Kisha akaniambia nifikirie zimebandikwa zote zikiwa zimepinda hivyo hivyo. Sasa ni kitu kimoja, ni tao. Mzigo ukilikandamiza juu, tao linafanya nini? Linataka kunyooka. Na likitaka kunyooka, matabaka ya chini yanavutwa yawe marefu, ya juu yanabanwa yawe mafupi, na pale katikati ya unene, karibu na kilele, yanavutwa yaachane, moja liende juu, jingine liende chini. Boriti iliyonyooka haina tabia hiyo. Katika boriti iliyonyooka tabaka la katikati linalala usingizi, kazi nzito inafanywa na ya juu na ya chini. Katika tao, anayelala katikati ndiye anayepasuliwa.

"Kwa hiyo mbao nzuri, ngumu, mkaratusi, weka juu na chini," akasema. "Paini laini weka kati. Lakini gundi ya kati iwe safi kuliko zote. Uso wa mbao upigwe randa siku ile ile. Hakuna mafuta, hakuna jasho, hakuna vumbi. Gundi inataka kugusa mti wenyewe, haitaki kusalimiana na mtu mwingine."

Mengine nayaandika kwa ufupi, maana mnayajua na hamyafuati. Tabaka liwe jembamba. Likiwa nene litapinda kwa hasira na likifunguliwa litarudi lilikotoka. Maungio ya tabaka moja yasikutane na ya tabaka la jirani. Vibano viwe vingi, na mfunge kuanzia katikati kwenda nje. Gundi ya kuchanganya, ikishachanganywa, inawapa muda wa ibada fupi, na kanisa letu halijawahi kuwa na ibada fupi, kwa hiyo andaeni kila kitu kabla.

Mwaka wa pili au wa tatu pale Kanengo alikuja injinia kijana na kompyuta yake. Jina lake nalihifadhi, siku hizi ni mtu mkubwa. Tulikuwa tunatengeneza matao ya ukumbi mmoja wa harusi. Injinia alifungua kompyuta, boriti ikatokea kwa rangi, buluu huku na nyekundu kule, nzuri kuliko kitenge. Akasema inatosha, na kwamba tunaweza hata kupunguza gundi ya kati, maana kule hakuna kazi. Bambo Gondwe aliinama akatazama kioo kwa muda mrefu.

"Boriti hii mbona imenyooka?" akauliza.

Injinia akaeleza kwamba programu ile haina mahali pa kuweka mpindo, lakini tofauti ni ndogo.

"Zikomo," bambo Gondwe akamshukuru kwa Kichewa. "Basi tuiambie boriti yetu inyooke, ifanane na kompyuta."

Tuliitengeneza alivyotaka injinia, tukaitundikia magunia ya mchanga. Ilipasuka katikati, mlio mmoja mkavu, ikafunguka kama mdomo. Injinia aliandika ripoti. Nilisomewa. Ilisema kwamba boriti haikufuata makadirio. Tulicheka mwezi mzima, mimi nikiwa wa kwanza. Kila mgeni aliyekuja karakana nilimwigizia injinia, na nilikuwa namwigiza vizuri. Nawaomba mkumbuke kicheko hicho mtakapofika mbele.

Baadaye tuliambiwa wakimbizi wote warudi kambini. Tukafunga virago Nsungwi, tukarudi Dzaleka, mimi na Esperansi na nyundo ndogo aliyonipa bambo Gondwe siku ya kuagana. Nikafungua karakana hii mnayoitumia. Esperansi alijiunga na kwaya, akawa sauti ya pili, mstari wa nyuma, upande wa kulia. Aliimba miaka minne. Kisha akaugua kifua, na majuma sita baadaye tukamzika hapa hapa. Nilirudi kazini siku ya tatu kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno.

Mwaka uliofuata kanisa likaamua kujenga. Wachungaji wetu, mnawajua, hawapendi nguzo. Pasta Rubeni alieleza komite kwamba nguzo ni kizuizi cha baraka. Mtu aliyekaa nyuma ya nguzo haoni mhubiri na kwa hiyo anasinzia. Nikasema bila nguzo tutahitaji matao manne, kila moja na matabaka kumi, kila tabaka mbao mbili zilizoungwa. Mbao themanini. Pasta akafurahi mno, akatangaza Jumapili ile ile kwamba kila familia italeta mbao moja.

Hapo ndipo zilipoanza desturi zetu. Mnajua tulivyo. Kiti cha plastiki kikitolewa kanisani kinaandikwa jina la aliyekitoa. Ndoo inaandikwa. Hata ule ufagio wa kuondolea utando wa buibui una jina la familia ya watu sita. Kwa hiyo mbao zilipoanza kufika karakana, kila moja ilikuwa imeandikwa jina kwenye uso wake mpana, kwa rangi ya mafuta, nyekundu, herufi za ukubwa wa kiganja, zikapakwa mara mbili ili zisififie.

Nilikwenda kwenye komite. Nikawaambia gundi haishiki juu ya rangi. Inashika rangi, na rangi inashika mbao kwa kubembeleza tu. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Furaha, mshonaji, mwanamke anayeweza kukupima kiuno kwa jicho ukiwa bado uko barabarani, ndiye aliyenijibu, naye gundi huiita kole.

"Papa Kashindi, ile rangi tulinunua na feza, haiko rangi ya bure. Juu ya nini kole ikatale rangi ya muzuri?"

"Uzuri wake ndio shida, Mama Furaha. Na hata hivyo majina hayataonekana. Yatakuwa ndani, kati ya mbao na mbao."

"Mungu iko anasoma ndani ya mbao," akasema. "Sisi hatukukimbia Fizi juu ya kusahauliwa. Mi niliandika bwana yangu. Jina ibaki."

Pasta Rubeni, mtu wa amani, akapendekeza kura. Komite ikapiga kura kama rangi ina madhara kwa gundi. Ishirini wakasema haina. Mmoja akasema inayo, naye alikuwa mimi. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba suala la gundi limekwisha.

Nikarudi karakana na uamuzi wa kidemokrasia mkononi. Nikafanya nini? Wawili wenu mlikuwepo, mkanyamaza hadi leo, nawashukuru. Mbao lazima zipigwe randa kabla ya gundi, hilo halimshangazi mtu. Nikapiga randa. Nilifuta jina moja baada ya jingine, familia baada ya familia, nikafuta la pasta, nikafuta la bwana wa Mama Furaha, yule aliyebaki njiani Fizi na ambaye hakuna anayejua alilazwa wapi. Maranda mekundu tuliyachoma chini ya sufuria. Maharagwe ya wiki ile yalinuka rangi, tukayala hivyo hivyo. Wenye mbao wakipita kuuliza, niliwaambia majina yako salama ndani. Nilisema hivyo mara nyingi hata sauti ikazoea.

Sikuona aibu. Nilijiona mwerevu. Nimewapa watu jina lao na nimelipa kanisa paa lake, nikawaza, nani ameumia?

Nilifuta majina sabini na tisa. La themanini lilikuwa la nyumba yangu. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, ESPERANSI, kwa brashi yangu ndogo ya vanishi, na nilikuwa nimelitengenezea kivuli kwa nyeusi, maana mimi ni fundi. Nikaweka ile mbao kwenye meza. Nikashika randa. Nikaiweka chini nikaenda kunywa maji. Nikarudi. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo, mkono ulikataa.

Sasa sikilizeni mtu mwenye ujuzi anavyojidanganya, maana mjinga hajui njia hii. Nilichukua penseli, nikapiga hesabu. Tabaka moja kati ya kumi. Rangi ni nyembamba kuliko karatasi. Herufi tisa tu, urefu wa mkono. Nikajiuliza, tabaka gani lina kazi ndogo kuliko yote? La katikati. La katikati linalala. Kwa hiyo nitaiweka katikati, haitasumbuliwa. Nilipiga hesabu ya boriti iliyonyooka, vijana, kwa sababu ndiyo iliyonipa jibu nililotaka. Na kwa kuwa sauti ya pili husimama nyuma kulia, ambako tao la tatu lingepita, nikaigeuza mbao ili ncha yenye jina iende juu kabisa, kwenye kilele. Nilitaka awe juu ya kwaya.

Katikati ya unene, kwenye kilele cha tao. Ningemwomba shetani anichagulie mahali asingepata pabaya kuliko pale.

Tulipiga vigingi ardhini kufuata duara la kamba, tukapaka gundi alfajiri kabla ya jua, tukabana kwa vile vibano vya chuma cha vitanda na bolti za lori. Mlifanya kazi nzuri. Matao manne yakasimama kwenye kuta, na watu wakaja kuyatazama hata wasio wa dhehebu letu. Pasta akasimama katikati akanyoosha mikono kuonyesha kwamba hakuna nguzo. Sherehe ya ufunguzi ikapangwa Jumapili, mgeni rasmi atoke Lilongwe, mahema, spika, na magunia ya unga na mahindi yapangwe ukutani kwa ajili ya nsima, ugali wa huku, kwa umati mzima.

Jumatano nilipanda ngazi na nyundo ndogo, nikagonga. Tao la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, kwenye kilele, sauti ikawa butu.

Nikagonga tena, kwa upole, kama anayeamsha mgonjwa. Butu. Nikashuka. Nikawaambia matao yote yako sawa.

Alhamisi sikupanda. Nilijiambia mabati ni mepesi, kwamba jua litakausha gundi, kwamba ikishikilia mwaka mmoja itashikilia yote. Kusema kulikuwa na bei yake: tao lingefunguliwa, na ndani wangekuta jina moja peke yake, la nani, na majina yao sabini na tisa yako wapi. Ijumaa jioni nilipita kanisani. Kwaya ya watoto ilikuwa inafanya mazoezi. Mama Furaha alikuwa amewapanga chini ya tao la tatu, wajukuu wake wawili wakiwa mstari wa mbele, na alikuwa anawapigia makofi ya mwendo. Juu yao mafundi wa bati walikuwa wanatembea kwenye paa na viatu vizito. Nilisikia mlio, mdogo, mkavu. Hakuna mwingine aliyegeuka. Nikakaa kwenye gunia la unga.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Pasta Rubeni.

"Pasta, batoto batoke chini ya tao la tatu. Mi nataka kulipima na magunia."

"Papa Kashindi, kesho mugeni anafika. Tulishaliombea ile tao siku tatu."

"Basi halitakosa kitu likipimwa."

Nikatoka kabla hajaongeza neno. Nikaweka magogo ya kukinga chini, bambo Gondwe alitufunza hivyo, tao lisije likashuka lote. Tukatundika magunia ya mahindi ya sherehe, moja moja. Tao la kwanza lilibeba kumi na mawili. La pili kumi na mawili. Watu wakaanza kushangilia kwa makofi, komite yote ikiwa imekuja na viti. La tatu, gunia la sita, kimya. La saba, kimya. La nane, likapasuka. Si mlio wa kutisha, kama kuni tu. Likafunguka kwenye kilele vidole viwili, likakaa juu ya magogo yangu.

Mafundi wa bati wakafungua mabati ya juu yake, tukalishusha. Likagawanyika vipande viwili, juu na chini, na kipande cha chini kikalala chali mbele ya komite, uso wake juu. Gundi ilikuwa imebanduka pale pote penye rangi, safi, haikuchukua hata kivuli. ESPERANSI, nyekundu na nyeusi.

Mama Furaha aliinama akasoma. Akatazama mbao ya jirani pale ilipochanika pembeni. Nyeupe. Akatazama nyingine.

"Na yetu iko wapi?"

Nikaanza kukusanya kamba za magunia.

"Papa Kashindi. Ya bwana yangu iko wapi?"

Mjumbe mmoja akasema huenda ziko kwenye matao mengine, na alikuwa ameshachukua mtaimbo apanue tao la kwanza aone. Tao zima, lililobeba magunia kumi na mawili, lilikuwa karibu kupasuliwa kutafuta maandishi. Ndipo nikasema. Nilisema yote: randa, maharagwe, kura yao, uongo wangu, penseli na hesabu. Nikasema pia kwamba sauti butu niliisikia tangu Jumatano, na kwamba Ijumaa watoto walisimama chini yake nami nilikuwa najua.

Komite ilikaa palepale kwa muda wa saa tatu. Ajenda ya kwanza ilikuwa majina. Ajenda ya pili ilikuwa majina ya wale ambao mbao zao zilikuwa mkaratusi, kama wanastahili kutajwa kabla ya wenye paini. Ilipendekezwa ubao wa kumbukumbu, ikapingwa kwamba ubao una juu na chini na hakuna atakayekubali kuwa chini. Ikapendekezwa ubao wa mviringo. Kuhusu paa ambalo lingeweza kuwaangukia watoto, Katibu aliliweka kwenye mengineyo, muda ukaisha. Pasta Rubeni alisema Mungu ametuokoa, na kwamba yeye binafsi tangu mwanzo alikuwa na mashaka na rangi. Nilimtazama, akatazama mahindi.

Jumapili mgeni rasmi alifika. Alikata utepe mlangoni, akaambiwa ndani kuna marekebisho madogo, akahutubia nje kwa saa nzima akisifu ukumbi usio na nguzo. Nsima ilitosha.

Jioni ile nilimpigia simu bambo Gondwe, aliyekwisha kurudi kijijini kwake kaskazini. Nikamweleza tao lilivyofunguka.

"Nani aliweka rangi katikati?" akauliza.

"Mimi."

Nikasubiri acheke, nilistahili.

"Kwangua pande zote mbili mpaka mti," akasema. "Gundi upya. Kisha pima tena, ongeza magunia manne." Akakata.

Jumatatu nilifika karakana nikakuta watu. Si komite, familia. Walikuwa wamejaa hadi barabarani, waendesha kabaza wamesimamisha baiskeli zao watazame. Kipande cha chini cha tao kilikuwa juu ya meza, jina juu. Mmoja wenu alikuwa ameshaanza kuchanganya gundi, kwa sababu nilikuwa nimewaambia Jumamosi tutaanza mapema. Mama Furaha alikuwa amesimama kando ya meza na randa yangu mkononi. Nilidhani atalifuta mwenyewe kwa hasira, na kusema kweli nilitamani alifute yeye.

"Bwana yangu hana kaburi," akasema, bila kupandisha sauti. "Ile mbao njo ilikuwa kaburi yake. Ulipiga randa, hukuniita hata nione. We wako iko na kaburi, unaenda kila siku ya Mungu. Leo bantu bote tuko hapa, tunaona. Piga."

Akaniwekea randa mkononi.

Nilianza na herufi ya kwanza. Rangi ilitoka kwa vipande vyembamba, ikajikunja, ikaanguka miguuni. Nililia na sitaficha, machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu, na nilikuwa nageuza uso pembeni yasidondokee mbao, maana gundi haitaki maji. Nilisimama mara moja, nimebakiza herufi mbili. Nilitaka kuzitazama kidogo tu.

Mama Furaha akatazama kopo la gundi, akanitazama mimi.

"Maliza, Papa Kashindi. Kole inakauka."

Nikamaliza, nikachukua brashi.